Nairobi au Dar es Salaam: ulinganisho wa maisha kwa anayehamia kikazi

Ukiuliza wapi maisha ni nafuu kati ya Kenya na Tanzania, utatajiwa bei ya unga na kodi ya chumba, na jibu litakuwa Dar. Ni jibu la kweli, ila halimfikishi mtu mbali. Anayehama haumizwi na bei ya kitu kimoja kimoja. Anaumizwa na utaratibu: pesa inaingiaje, inatakiwa lini, na sheria inamruhusu kufanya nini akishafika. Mhasibu mwenye mkataba wa miaka miwili, kinyozi anayetaka kufungua saluni na mhariri wa video anayelipwa kutoka Ulaya wanaweza kupanga mtaa mmoja, na kila mmoja akawa na jibu lake.

Tunalinganisha majiji mawili, si nchi nzima. Mwanza na Kisumu zina hesabu zake, na Zanzibar ina sheria yake ya ajira na vibali vyake vya kazi. Kwa hesabu za haraka, chukua shilingi 1 ya Kenya (KSh) kuwa sawa na shilingi 20 za Tanzania (TSh). Kiwango halisi hucheza hapo karibu.

Kibali kinaamua kabla ya bei

Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, na wengi hudhani tangu hapo mtu anaweza kuvuka mpaka wa Namanga akaanza kazi. Sivyo. Pasi ya mgeni unayogongewa mpakani ni ya kutembea tu, hairuhusu kazi upande wowote. Ukitaka kufanya kazi unahitaji kibali, na hapa nchi hizi zinaachana sana.

Kenya ilifuta ada ya kibali cha kazi kwa raia wa Jumuiya. Maombi yanafanyika mtandaoni, mwajiri ndiye mdhamini, na anayekaa zaidi ya siku 90 huchukua kitambulisho cha mgeni. Kitambulisho hicho usikicheleweshe, kwa sababu benki, kampuni ya simu na hata wakala wa nyumba wataanza kukuuliza.

Tanzania unahitaji viwili: kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Vyote vinalipiwa. Sheria ya 2015 ya ajira za wasio raia inasema kibali cha mwajiriwa hutolewa kwa miezi 24, kinaweza kuongezwa, lakini kwa jumla kisizidi miaka 5. Mwajiri anatakiwa pia aonyeshe mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi yako. Si maneno ya kujaza fomu tu: maombi mengi ya kuongeza muda hukwama hapo, kwa sababu mwajiri alimtaja mrithi mwaka wa kwanza na hakumfundisha chochote. Kabla hujasaini mkataba, muulize mwajiri kwa jina: nani ataandaliwa kushika nafasi hii? Akibabaika, hesabu kwamba una miezi 24, si miaka 5.

Kwa mfanyabiashara mdogo jibu ni fupi zaidi. Tarehe 28 Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Ndani yake kuna uwakala wa pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni, uongozaji watalii, uchimbaji mdogo wa madini, udalali wa nyumba na biashara, ununuzi wa mazao shambani, usafi wa nyumba na ofisi, pamoja na biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi na maduka ya jumla ya wazalishaji wa ndani. Faini inaanzia TSh milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6, na visa au kibali kufutwa. Mtanzania anayekukopesha jina lake naye ana faini ya TSh milioni 5 au miezi 3 ndani. Ile mbinu ya kuandikisha duka kwa jina la shemeji sasa inawatia hatarini watu wawili. Kinyozi wetu, basi, aende Nairobi au abaki kwao.

Kuhusu nyaraka za kusafiria: Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvuka kwenda nchi za wenzao kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika mpango huo, kwa hiyo beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria.

Mshahara: asilimia ileile, mifuko tofauti

Chukua mtu anayeahidiwa KSh 100,000 Nairobi, na mwenzake anayeahidiwa TSh 2,000,000 Dar. Ni karibu pesa moja. Makato yao ya kisheria, Kenya kwa viwango vya Februari 2025 na Tanzania kwa mwajiriwa wa sekta binafsi aliye mkaazi kikodi, ni haya:

| Kato | Nairobi (KSh) | Dar (TSh) |
|---|---|---|
| Hifadhi ya jamii (NSSF) | 4,320 | 200,000 |
| Afya (SHIF, asilimia 2.75) | 2,750 | hakuna |
| Nyumba nafuu (asilimia 1.5) | 1,500 | hakuna |
| Kodi ya mapato (PAYE) | 19,812 | 368,000 |
| Mkononi | 71,618 | 1,432,000 |

Wote wawili wanaondoka na asilimia 71.6. Ukiishia hapo utasema ni sare, lakini angalia ilikokwenda ile nyingine. Dar, mwajiriwa huchangia asilimia 10 ya mshahara NSSF na mwajiri anaongeza asilimia 10, kwa hiyo kila mwezi TSh 400,000 zinaingia kwenye akiba yenye jina lako. Nairobi, kato lina ukomo: kwa viwango hivyo vya Februari 2025, wewe 4,320 na mwajiri 4,320, jumla 8,640, ambayo haikufika hata nusu ya ile ya Dar. Badala yake umelipia bima ya afya ya familia na ushuru wa nyumba ambao si akiba yako. Kiwango cha NSSF ya Kenya hupanda kwa hatua kila Februari kwa ratiba ya sheria ya 2013, kwa hiyo kuanzia 2026 kinachofika mkononi kinapungua kidogo na akiba inaongezeka.

Kodi yenyewe inang'ata kwa namna mbili. Tanzania haigusi TSh 270,000 za kwanza, kisha inakwenda asilimia 8, 20 na 25, na kuanzia milioni 1 ni 30. Kenya inaanza na asilimia 10, inapanda 25, na inafika 30 mapema, mtu akipita KSh 32,333 tu, kisha inarudisha nafuu ya KSh 2,400 kwa mwezi. Kwa mishahara mikubwa Kenya huzidisha: juu ya KSh 500,000 ni asilimia 32.5, na juu ya 800,000 ni 35. Tanzania inasimama kwenye 30. Mtaalamu wa mshahara mnono anaona nafuu Dar kwenye mstari wa kodi tu, si kwenye pesa ya mkononi, kwa sababu ile asilimia 10 ya NSSF huila nafuu hiyo. Wa mshahara wa kati haoni tofauti.

Likizo nazo zinadanganya zikisomwa harakaharaka. Tanzania huandika siku 28 na Kenya 21, lakini zile 28 ni za mfululizo, Jumamosi na Jumapili ndani yake, na zile 21 ni siku za kazi. Kwa anayefanya kazi siku 5 kwa wiki, 28 za Dar ni siku 20 za kazi. Panapoachana kweli ni ugonjwa na uzazi. Tanzania inatoa siku 126 za ugonjwa katika kipindi cha miezi 36, nusu kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Kiwango cha chini cha Kenya ni siku 7 kamili na 7 za nusu kwa mwaka. Mama hupata siku 84 Tanzania, miezi 3 Kenya. Baba wa Nairobi ana wiki 2, wa Dar ana siku 3.

Nyumba: hapa ndipo wageni wa Dar wanapokwama

Nyumba ya kulingana kwa ubora huwa bei ya chini Dar, na ukubwa wa vyumba huwa mzuri zaidi. Tatizo ni namna ya kulipa. Nairobi unalipa mwezi wa kwanza na amana ya mwezi mmoja, halafu kila mwezi kabla ya tarehe 5. Dar mwenye nyumba anataka miezi 6, mara nyingi mwaka mzima, na wa miezi 3 ni wa kumshukuru. Juu yake dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja.

Tuseme nyumba ya KSh 25,000 Nairobi na ya TSh 500,000 Dar, yaani bei sawa. Nairobi unaingia na KSh 50,000 pamoja na vijiamana vya maji na umeme. Dar unaingia na TSh 3,000,000 za miezi 6 na 500,000 za dalali, jumla 3,500,000. Kwa mshahara wetu wa mfano, hiyo ni miezi miwili na nusu ya pesa ya mkononi kabla hujanunua godoro. Mwajiri anayekuhamishia Dar bila mkopo wa kodi ya nyumba amekuhamishia deni. Liombe jambo hilo kwenye mkataba, tena kabla ya kujadili mshahara, kwa sababu waajiri wengi wa Dar wamelizoea na hutoa kodi ya miezi 6 wakikata kidogokidogo.

Upande wa pili wa utaratibu huo haupewi haki yake. Aliyelipa miezi 6 amelala usingizi miezi 6. Nairobi, mshahara ukichelewa wiki mbili unapigiwa simu na keateka (msimamizi wa nyumba), na katika baadhi ya ploti (majengo ya wapangaji) unakuta mlango umefungwa kwa kufuli la pili. Kwa mtu mwenye kipato cha msimu, kama mkulima wa mkataba, mtindo wa Dar unamfaa kuliko anavyodhani.

Dar, mambo ya kukagua ni haya. Dalali mmoja mara nyingi ana dalali nyuma yake, na yule wa nyuma ndiye anayemjua mwenye nyumba. Usilipe kitu zaidi ya hela ndogo ya kuzungushwa mpaka umeonana na mwenye mali au mtu mwenye barua yake. Nenda naye ofisi ya serikali ya mtaa, mkataba ukagongwe muhuri hapo. Mwenyekiti wa mtaa anajua nyumba ipi ina kesi ya mirathi, na ndugu wa kambo akitokea mwezi wa pili utafurahi kwamba muhuri upo. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja na kudai bei kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mwenye nyumba wa Masaki anayesema "dola mia nane" anatakiwa akuandikie shilingi, na iandikwe kiasi, si "sawa na dola kadhaa".

Kisha ulizia LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Je, mita ni yako peke yako? Ina deni? Deni la mita huifuata mita, si mtu, na hukatwa kwako unaponunua umeme.

Nairobi, ugomvi uko mwishoni, kwenye amana. Unahama, unaambiwa imekwenda kwenye rangi. Dawa yake ni ya siku ya kwanza: piga picha kila ukuta, sinki, bawaba na kioo, mtumie mwenye nyumba au wakala kwa ujumbe wenye tarehe, na kwenye mkataba iandikwe nani anapaka rangi. Uliza kama taka, ulinzi na maji vimo ndani ya kodi, kwa sababu nyumba ya 25,000 hugeuka 29,000 kwa vitu hivyo. Wanaodai pesa ya "kuonyeshwa nyumba" kwa M-Pesa kabla hamjakutana, achana nao. Mara nyingi nyumba hiyo haipo.

Umeme, maji na hali ya hewa ni bili moja

Dar, mteja wa kawaida wa TANESCO, shirika la umeme, hulipa TSh 292 kwa yuniti. Ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 inakuwa TSh 356. Elfu kumi inakupa yuniti 28. Manunuzi ya kwanza ya mwezi hutoa karibu 24, kwa kuwa TSh 1,500 za kodi ya jengo hukatwa humo. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo kubaliana naye mapema ikatwe kwenye pango. Mwenye matumizi madogo huweza kuwekwa kundi la D1: TSh 100 kwa yuniti, au 122 pamoja na tozo, mpaka yuniti 75 kwa mwezi. Kuanzia ya 76 bei inaruka hadi 350 kabla ya tozo. Ndiyo maana nyumba ya wapangaji watatu kwenye mita moja haikai D1.

Nairobi bei ya tokeni haitulii. Juu ya bei ya msingi kuna gharama ya mafuta, kuyumba kwa fedha za kigeni na mfumuko wa bei, na zinabadilika kila mwezi, hivyo KSh 1,000 ya mwezi huu haitoi yuniti za mwezi uliopita. Kwa nyumba ya kawaida ukijumlisha yote unafika karibu KSh 25 hadi 30 kwa yuniti. Makundi ni matatu, chini ya 30, kati ya 30 na 100, na zaidi ya 100, yakipimwa kwa wastani wa miezi mitatu. Aliyepasha maji sana Julai huendelea kuulipia Agosti na Septemba hata akiacha.

Kwa yuniti moja, basi, Kenya ni ghali kwa karibu nusu nzima. Lakini umeme wa kufanyia nini? Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na usiku wa Julai unafika nyuzi 11 au 12. Hutahitaji feni, utahitaji maji ya moto. Hita ya bafuni ya papo kwa papo ya kilowati 5, dakika 10 kwa mtu, ni yuniti 25 kwa mwezi. Familia ya watu wanne ni yuniti 100, karibu KSh 2,800. Dar maji ya bomba ni ya uvuguvugu yenyewe, ila Februari na Machi joto linapita nyuzi 32 na unyevu juu yake. Feni ya wati 60 kwa saa 10 za usiku inakula yuniti 18 kwa mwezi, kama TSh 6,400. Kiyoyozi kimoja cha chumbani kinachokula yuniti 5 kwa usiku ni yuniti 150, TSh 53,400. Ukibadilisha, kuoga kwa familia Nairobi na kulala kwa baridi Dar ni bili moja. Anayelala na feni ndiye anayeokoa.

Ukikagua nyumba Dar, ingia chumba cha kulala saa 10 jioni, si asubuhi. Dirisha linalotazama magharibi na bati lisilo na dari ya maana litakulipisha kiyoyozi kila usiku.

Maji: Nairobi mgawo una ratiba ya wiki kwa mtaa, kwa hiyo muhimu ni ukubwa wa tangi la ploti na kama kuna kisima. Dar mto Ruvu ukishuka mwishoni mwa mwaka kabla ya mvua, DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hugawa maji, na watu hurudi kwenye maboza na visima. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Yaonje, kisha osha mikono kwa sabuni ya kipande. Isipotoa povu, hita na mashine ya kufulia hazitadumu, na kahawa utaipikia maji ya kununua.

Mafuriko yapo kote. Dar, bonde la Msimbazi hujaa wakati wa masika na eneo la Jangwani hufungwa, Barabara ya Morogoro ikakatika. Nairobi, mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalifuatwa na ubomoaji wa nyumba za kandokando ya mito. Nyumba ya bei ya kushangaza iliyo karibu na mto ina sababu yake.

Malaria ndiyo tofauti ambayo mtu wa Nairobi haifikirii. Nairobi kwenyewe hatari ni ndogo, Dar ipo mwaka mzima. Mtoto aliyekulia Nairobi hana kinga ya mwili ya mtoto wa Pwani. Chandarua kabla ya kitanda, na homa ipimwe siku hiyohiyo.

Chakula na usafiri

Kwenye chakula ushindi wa Dar ni wa wazi. Mchele, vitunguu, machungwa na mahindi ya Tanzania huvuka Namanga kwenda kuuzwa Nairobi, kwa hiyo Nairobi unalipa bei ya Dar, nauli ya lori na mkono wa kila aliyeshika gunia. Samaki, nazi na matunda usiulize. Kenya inashinda kwa maziwa: yanapatikana kila kioski, freshi au mala (mtindi), na chai ya maziwa ni kitu cha kawaida. Dar maziwa ya pakiti yamekaa kama anasa kidogo, na mgahawani chai huja ya rangi usiposema.

Nauli Dar hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na ya daladala kwa safari fupi ni TSh 600, iwe mvua au jua. Nairobi nauli inaamuliwa na sacco (ushirika wa wenye matatu) na kondakta: njia ya KSh 50 saa 4 asubuhi huwa 100 saa 12 jioni, na mvua ikinyesha ndiyo basi. Weka akiba ya nauli Nairobi mara moja na nusu ya unayoambiwa. Kwa upande mwingine matatu ziko nyingi na zinafika ndani ya mitaa. Dar, ukitoka barabara kuu unaongeza bajaji au bodaboda, na hiyo ndiyo inayokula akiba yote ya daladala. Mwendokasi, mabasi yenye njia yake, iliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, hufupisha safari ukishaingia. Kuingia ndiyo kazi. Kabla ya kupanga Kimara, Mbagala au Tegeta, simama kituoni saa 12 asubuhi siku ya kazi uone foleni. Nairobi fanya hivyohivyo kwa Rongai au Kitengela.

Kati ya miji, treni ya umeme ya Dar hadi Dodoma, iliyofika huko katikati ya 2024, imegeuza safari ya kutwa kuwa ya saa chache. Ile ya Nairobi na Mombasa ya 2017 ni ya dizeli, na tiketi zake za sikukuu hukatwa mapema mno.

Watoto na hospitali

Kwa mwenye watoto wa shule, lugha ndiyo inayoamua. Shule za msingi za serikali Tanzania hufundisha kila somo kwa Kiswahili, na sekondari inageuka Kiingereza. Kenya hutumia Kiingereza kuanzia mapema. Mtoto wa darasa la tano kutoka Nairobi anayeingizwa shule ya serikali Dar atakutana na hisabati na sayansi kwa msamiati asioujua, hata kama nyumbani anaongea Kiswahili. Wa Dar akienda Nairobi anakwama kwenye kila somo mpaka Kiingereza kishike. Njia ya katikati ni shule binafsi za Kiingereza za Dar, na ada zake ndizo zinazofuta nafuu yote ya chakula na nyumba. Kwa watoto watatu, pata kwanza ada zilizoandikwa za shule mbili tatu, ukijumlisha basi, sare na chakula, kabla hujakubali mshahara.

Umri nao uangalie. Kenya iko kwenye mfumo wa 2-6-3-3-3 (miaka ya awali, msingi, sekondari ya chini, sekondari ya juu na chuo), na kundi la kwanza liliingia sekondari ya juu, gredi ya 10, Januari 2026. Tanzania kwa sera mpya ya elimu inapunguza msingi kutoka miaka 7 hadi 6. Mtoto aliye karibu na mtihani wa mwisho wa ngazi, mwache amalize. Kuhama miezi minane kabla ya mtihani kunagharimu mwaka mzima.

Afya: Nairobi makato ya SHIF, yaliyoanza Oktoba 2024, yanakuandikisha wewe na unaowategemea, ila ni lazima uwasajili kwa majina. Wengi hugundua dirishani hospitali kwamba mke hayumo. Dar, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023 na inatekelezwa kwa hatua. Kwa mwajiriwa wa kampuni binafsi muhimu ni kadi anayotoa mwajiri: inafunika watu wangapi, hospitali zipi, na uzazi umo?

Anayelipwa kutoka mtandaoni

Huyu hana haja ya kufikiria sana. PayPal ya Kenya inapokea pesa na kuihamishia M-Pesa, wakati akaunti ya Tanzania hutuma tu, haipokei. Kazi nyingi za nje hulipa kwa njia hiyo. Tanzania ilifunga mtandao wa X Mei 2025, na intaneti ikakatwa kwa siku kadhaa kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025. Matumizi ya VPN yanatakiwa kusajiliwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tangu 2023. Mteja wa Berlin hajali sababu, anaona tu kwamba kazi haikufika. Kenya nayo ilikuwa na maandamano ya umwagaji damu 2024 na 2025, na siku hizo katikati ya jiji hufungwa, lakini anayefanyia kazi nyumbani Ruaka huendelea kutuma faili zake. Akitaka bahari, Mombasa ipo, kwa shilingi ileile na laini ileile.

Kuhusu mizigo

Plagi za pande zote ni zile za pini tatu za mraba na umeme ni wa karibu kiwango kimoja, kwa hiyo friji, pasi na runinga vinavuka bila adapta. Mtungi wa gesi uza. Kenya wanatumia wa kilo 6 na 13, Tanzania 6, 15 na 38, na vichwa havilingani kila mara, sembuse wakala kukubali kuubadilisha. Hita ya kuogea ya Nairobi iache ukutani, na jaketi nzito beba moja tu. Anayetoka Dar anunue blanketi Nairobi kwenyewe, soko la Gikomba kwa mfano, kwa sababu ya Dar haitafaa Julai.